Walinisifu kwa Kufunga, Kumbe Nilikuwa Naugua

Nimepona! Nianze na hilo, maana nikilichelewesha nitapasuka. Nimepona kifua kikuu, mimi Maman Riziki wa Bagira, fundi wa kushona, mama wa watoto watatu. Ninapanda mlima wa kwetu kutoka barabarani bila kusimama hata mara moja, na nikifika juu ninaweza bado kumpigia jirani kelele. Wewe unayesoma haya huku unakohoa ndani ya kikwembe ili watu wasisikie, shika hilo kwanza: inapona. Sasa nikueleze yaliyonipata, na mabaya niliyoyafanya mimi mwenyewe, kwa sababu ugonjwa haukunilazimisha kusema uongo. Huo niliusema kwa hiari yangu.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa kusifiwa. Kwenye shirika letu, yaani ile jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaani, mimi ndiye niliyeongoza sala za akina mama. Kwenye korali ya parokia niliimba sauti ya kwanza, na Furaha, rafiki yangu na jirani yangu, alisimama ubavuni mwangu akiimba ya pili. Tulishika kitabu kimoja cha nyimbo, yeye upande wake na mimi upande wangu, vichwa vimegusana. Na kila mwaka Kwaresima ikiingia nilitangaza kujinyima kwangu: nyama hapana, sukari hapana, mlo mmoja kwa siku. Nilitangaza kwa sauti ya chini, lakini nilihakikisha kila mtu amesikia.

Mwaka ule nilianza kukonda tangu Noeli. Sikuwa nimefunga chochote. Bugali ilininukia kama sabuni, maharagi yalinikaa kooni, na jioni mwili ulipata joto kama mtu aliyeota moto muda mrefu. Sketi zangu zikaanza kuteremka. Mimi fundi, nikazipunguza kiunoni mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu nikaacha, nikatia pini tu.

Wiki ya pili ya Kwaresima, tukiwa shirika, Furaha alinitazama toka juu mpaka chini, mtoto wake mchanga mgongoni, akasema mbele ya wote:

"Ba maman, angalieni Maman Riziki. Yeye anafunga kabisa! Mwili yote imeisha sababu ya Yezu. Siye wengine tuko nacheza tu."

Hapo ndipo ningesema, "Hapana, Furaha, niko mugonjwa." Maneno manne tu. Badala yake niliinamisha macho, nikatabasamu lile tabasamu la watakatifu wa kwenye picha, nikajibu, "Mwili ni mutumishi. Usiiachie ikuwe bwana."

Wakaitikia amina. Wawili wakaniomba niwaombee. Nami nilirudi nyumbani nimejaa furaha kuliko mtu aliyekula sahani tatu! Naona aibu kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa. Chakula kilikuwa kimenikataa mimi, na mimi nikawaambia watu kwamba ndimi niliyekikataa.

Ijumaa Kuu, kwenye Njia ya Msalaba, nilikuwa mbele nikianzisha nyimbo. Kilima kile kinajulikana kwa utelezi, na mvua ilikuwa imenyesha. Tulikuwa tunateleza na kucheka kidogo kidogo, kama watu wanavyocheka pasipofaa. Nikakohoa ndani ya kitambaa. Nilipokifungua kulikuwa na damu, nyekundu kabisa, kiasi cha kijiko. Na hapa usinionee huruma ya kutojua. Nilijua. Mjomba wangu wa Minova alikohoa hivyo hivyo, na tukamzika. Nilikikunja kitambaa, nikakiweka kifuani, nikaendelea kuimba. Furaha alikuwa amenikaribia anisaidie kushika kitabu.

Baada ya Pasaka nilikaa wiki tano nzima bila kumwambia mtu. Niliogopa kifo, ndiyo. Lakini zaidi niliogopa kwamba watu watajua ule wembamba ulitoka wapi.

Aliyenishika ni Riziki, binti yangu mkubwa, wa miaka kumi na saba. Alikuwa anafua nguo nyuma ya nyumba, akaja mlangoni ameshika kitambaa kwa ncha za vidole.

"Maman, hii damu ni ya nani?"

"Yangu. Nilijikata na mukasi."

"Kidole gani?"

Nikaangalia mikono yangu. Yeye pia akaiangalia. Vidole vyote kumi vilikuwa vizima. Sijawahi kuwa na aibu kama ile, kusimama mbele ya mtoto niliyemzaa nikitafuta jeraha ambalo sina. Hakubishana nami. Alimwita baba yake.

Papa Riziki ni mwalimu wa sekondari, mtu wa maneno machache. Alitazama kile kitambaa, akanitazama mimi, akasema, "Vaa viatu."

Kwenye kituo cha afya, wanaokohoa hawangoji ndani. Tulikaa nje, kwenye benchi refu chini ya mabati ya baraza, upepo ukitupiga. Nilikuwa nimejifunika kikwembe mpaka puani nisitambuliwe. Pembeni yangu alikuwa mzee mmoja aliyetoka kuchimba dhahabu Shabunda, amebaki mifupa. Akaniambia kwa uchangamfu, kana kwamba tuko kwenye harusi, "Maman, usijifiche. Hapa hakuna anayekuja kwa mafua." Nilicheka mpaka nikakohoa. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka kwa moyo wote tangu Noeli.

Infirmier, yaani muuguzi aliyetuhudumia, aliitwa Bahati, mtu mfupi mwenye sauti kubwa. Alinipa kikopo cha makohozi, nikarudisha asubuhi, na baada ya siku mbili akaniita.

"Maman, imeonekana. Sikia na hii: inapona. Dawa ni miezi sita, bila kuruka siku hata moja. Sasa uniambie, uko unakaa karibu na nani?"

Nikamtajia bwana wangu na watoto. Wakapimwa wote, na hawakukutwa na kitu. Akauliza tena, kalamu juu ya karatasi:

"Ni hao tu? Hakuna wengine? Mu kazi, mu kanisa?"

Nikaona ile korali yote imesimama mbele ya macho yangu. Nikamwona Furaha na mtoto wake.

"Ni hao tu," nikasema.

Yeye akaweka kalamu chini.

Basi nikaanza dawa mvua za mwisho zikikatika. Nikuambie usishtuke: siku ya kwanza nilikojoa rangi ya chungwa nikapiga kelele, Riziki akaja mbio, na infirmier kesho yake akacheka akasema ni dawa tu. Magoti yaliniuma kama ya bibi wa miaka themanini. Kila asubuhi niliteremka kituoni, nikameza vidonge mbele ya Bahati, nikapanda tena mlima nikipumzika mara nne. Wiki ya tatu mara tatu. Kisha mara mbili! Na njaa ikarudi, mama yangu! Njaa gani ile! Nilikula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga na vichwa vyao, nikafuta sahani kwa bugali, nikaangalia sahani ya bwana wangu mpaka akanisogezea.

Lakini watu wa shirika niliwaambia nina malaria na tifoidi. Wakaja kuniombea uani. Walisimama mbali kidogo kwa heshima, nami nimekaa kwenye mkeka, na mmoja akasali kwa machozi: "Bwana, unajaribu watakatifu wako." Nilitamani ardhi inimeze. Nikaitikia amina.

Kiangazi kikaingia, vumbi likapanda juu ya majani ya migomba mpaka yakawa na rangi ya matofali. Mchana mmoja Furaha alikuja kuniletea sombe la majani ya mihogo na sambaza. Alimnyonyesha mtoto wake mlangoni, akinisimulia habari za korali, nani amepotea kwenye noti, nani amegombana na nani. Katikati ya hadithi akakohoa. Akakohoa tena.

"Vumbi ya kiangazi," akasema, akaendelea kusimulia.

Sikusikia tena hata neno moja. Alipoondoka lile sombe lilibaki pale pale, na mimi mwenye njaa ya simba sikuweza kuligusa. Papa Riziki aliporudi kutoka shule nilimwambia yote: sifa za Kwaresima, damu ya Ijumaa Kuu, ile "ni hao tu" niliyomjibu infirmier.

Nimeishi naye miaka kumi na tisa na sikuwa nimemsikia akipandisha sauti. Siku ile majirani walimsikia.

"Ulitaja siye wote, ukamuacha Furaha? Furaha mwenye kunyonyesha?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Watu waseme nini?" Akakaa, akashika kichwa. Kisha kwa sauti ya chini akasema maneno ambayo yaliniuma kuliko sindano zote: "Watu wanasemaka nilioa mutakatifu. Mimi ningetosheka na mwanamuke wa kusema kweli."

Kesho yake, baada ya dawa, nilikwenda parokiani. Padri wetu alinikaribisha uani, kwenye viti viwili vya plastiki, upepo ukipita katikati yetu, nami nimevaa kile kitambaa cha mdomo na pua tunachokiita cache-nez. Nikaungama. Niliungama mpaka nikakaukwa na mate. Alisikiliza bila kunikatiza, na mwishoni mimi mwenyewe nikajipendekezea malipizi.

"Padri, nifunge siku arobaini?"

Akaangua kicheko, kisha akajizuia.

"Hapana, maman! Usifunge hata siku moja. Kula vizuri, umeze dawa. Kujinyima chakula ulishazoea, haikuumi tena. Ujikane penye inauma."

"Wapi, Padri?"

"Iko jina moja watu wanakuitaka, unalipenda sana. Unalijua kuliko mimi. Hilo ndilo uache." Kisha akanitazama usoni. "Na mimi siwezi kumwambia mtu hata neno moja ya ile uliungama. Wewe ndiye utatembea kwenda kusema."

Nilitoka pale nikiogopa, lakini, nisikufiche, kulikuwa na kitu kama shangwe ndani yangu. Kwa mara ya kwanza tangu Noeli nilijua ninakokwenda. Nilifikiri dhambi zangu ni zile ndogo ndogo ninazozihesabu kabla ya kuungama, hasira na umbea. Kumbe ile kubwa ilikuwa imevaa nguo ya kanisani, imekaa benchi la mbele, inaimba sauti ya kwanza.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Furaha. Alikuwa anachambua maharagi uani, mtoto mapajani. Nilisimama kwenye lango, sikuingia.

"Furaha, haiko malaria. Ni kifua kikuu. Nilijua tangu Ijumaa Kuu, nilitema damu tukiwa tunaimba. Nikanyamaza. Na ku infirmier nilikuficha, sikutaja jina yako. Kikohozi yako haiko vumbi labda. Twende upimwe, wewe na mutoto."

Mkono wake ulibaki ndani ya maharagi. Alimwangalia mtoto kwanza, kisha mimi.

"Na ile kufunga?"

"Sikufunga. Chakula ilinishinda."

Alisimama, maharagi yakamwagika yote. Sikuwahi kumwona na uso ule.

"Toka kwangu," akasema. "Toka kabla sijapiga kelele."

Nikatoka. Wala sikulia njiani. Jumatano ilipofika nilikwenda shirika, nikakaa upande unaopuliziwa na upepo, na sala ilipoisha nikaomba neno. Nikawaambia wote, kila kitu, mpaka lile tabasamu nililolifanyia mazoezi. Mama mmoja akachukua mtoto wake akaondoka. Mwingine akanong'ona, si chini sana, "Na ile siku nilimuomba aniombee!" Niliumia, lakini niliumia kama mtu anayetolewa mwiba. Kisha Maman Nsimire, mzee kuliko wote, ambaye hatembei bila fimbo, akagonga fimbo chini.

"Sasa tukae hapa tumulaani mpaka giza iingie? Mimi nilikaa naye karibu. Kesho naenda kupimwa. Nani anakuja?"

Oh, ungeona asubuhi ile! Watu ishirini na mmoja, mbali na mimi! Korali nzima na nusu ya shirika, tumeteremka mlima kwa msululu, Maman Nsimire mbele na fimbo yake, mimi nyuma kabisa. Infirmier Bahati alitoka nje akashika kiuno: "Mumekuja kuimba ao kupimwa?" Nikamwendea, nikamwambia kwamba siku ile nilimdanganya. "Wengi wananidanganyaka, maman," akasema. "Wachache ndio wanarudia kusema kweli."

Furaha alikuja peke yake mchana, kwa njia nyingine. Siku mbili baadaye majibu yakatoka. Ishirini na mmoja hawakuwa na kitu. Furaha alikuwa nacho. Ugonjwa ulikuwa umeanza tu, Bahati alisema, umeshikwa mapema. Mtoto alikuwa mzima, akaandikiwa dawa ya kumkinga.

Nilishukuru na nililia, yote mawili kwa pamoja, na bado sijui nilifanya lipi zaidi.

Kuanzia hapo tulikuwa wawili asubuhi kwenye benchi, mimi mwisho huu na Furaha mwisho ule. Salamu yangu hakuipokea. Nilimsalimu tena kesho yake. Wiki zikapita hivyo, tena nilikuwa nimeacha kuimba, nimeacha kuongoza sala, nimekaa benchi la nyuma kanisani pamoja na wanaochelewa. Na nikuambie jambo la ajabu: huko nyuma nilisali! Sikuwa na wa kunitazama, basi nikabaki na Mungu peke yake, na kumbe alikuwa na mengi ya kuniambia.

Siku moja ya Agosti vidonge vilimchafua Furaha tumbo. Alianza kutapika palepale barazani, mtoto mikononi, hana pa kumweka. Nikasogea, kisha nikasimama, nikiogopa. Akainua kichwa, machozi yanamtoka.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Lakini shika mutoto."

Nikamgeukia Bahati kwa macho, yeye akaitikia kwa kichwa: miezi yangu ilikuwa imetosha, sikuwa hatari tena. Nikampokea. Alikuwa mzito, ana joto, ananukia maziwa. Nilimbeba mpaka mama yake aliposafisha kinywa na kutulia, kisha nikamrudisha. Kesho yake Furaha alikaa katikati ya benchi. Alipoitwa ndani, aliniwekea mtoto mapajani kama anavyoweka mtu mzigo wake kwa mtu anayemjua.

Mvua za Septemba zikarudi, vumbi likashuka, sketi zangu nikazitanua kiunoni moja baada ya nyingine. Novemba, Bahati alisoma karatasi yangu ya mwisho kwa sauti kubwa mpaka benchi lote likasikia: safi! Riziki alinirukia shingoni. Papa Riziki alinishika mkono tukapanda mlima hivyo, mchana kweupe, mbele ya wanafunzi wake, mtu yule ambaye hajawahi kunishika mkono hata siku ya harusi mpaka alipoamriwa.

Dawa zangu ziliisha, lakini asubuhi niliendelea kuteremka. Furaha alikuwa na wiki zake saba zilizobaki, na mtoto alikuwa ameanza kukimbia huku na huku, lazima ashikwe. Mvua ilitunyeshea. Nguo za wateja zilinisubiri kwenye cherehani. Wakati mwingine nilichoka, nikatamani nibaki kitandani, na hakuna aliyenipigia makofi kwa kwenda. Hilo ndilo lilikuwa funzo langu, kwenda mahali ambapo hakuna makofi.

Januari Furaha aliitwa kwa majibu ya mwisho. Nilibaki nje na mtoto amelala mgongoni kwangu. Nikasikia sauti ya Bahati, kisha ukelele, vigelegele vya sauti ya pili ambavyo sikuwa nimevisikia karibu mwaka mzima. Furaha akatoka mbio, karatasi juu, akacheza mbele ya benchi lote la wagonjwa, nao wakampigia makofi kwa nguvu walizonazo.

Tulipanda mlima pamoja, polepole, kwa sababu ya utelezi. Katikati ya njia akasimama.

"Maman Riziki, niko na dhambi ya kukuambia."

"Iko nini?"

"Nilikusamehe tangu Oktoba." Akaangalia pembeni, mdomo unamtetemeka kwa kicheko. "Lakini niliogopa nikikuambia, utaacha kuja kunishikia mutoto."

Tulicheka pale njiani, mvua ikitunyeshea, tumeshikana mabega, tukacheka mpaka mtoto akaamka, akainua kichwa, akatuangalia kama wenda wazimu.